Visima vya Tembo, Mto Mwagusi

Iringa,
14 Oktoba

Ndugu yangu mpendwa Asukile,

Barua yako kutoka Ubaruku ilinifikia salama, nami nimefurahi kusikia kwamba shemeji na watoto hawajambo. Uliuliza kama nimeizoea Hifadhi ya Ruaha. Mbung'o sijawazoea, kwani wanauma hata juu ya soksi. Lakini juma lililopita niliona jambo ambalo wewe, mkulima wa mpunga, unastahili kuwa wa kwanza kulisikia.

Tulikuwa tumesimama ukingoni mwa Mto Mwagusi, ambao wakati huu ni mchanga mtupu, na mibuyu ya kandokando imebanduliwa magome kwa pembe. Tembo jike alinusanusa mchanga, akauparura kwa mguu wa mbele, kisha akaendelea kuuchota kwa mkonga mpaka shimo likawa refu kama mkonga wenyewe. Akangoja. Maji ya kwanza, yaliyokuwa na tope, aliyamwaga kando. Ya pili ndiyo aliyoyanywa. Alipoondoka, swala pala na nyani waliokuwa wakimvizia kwa mbali wakakirithi kisima chake.

Wanyama wengine nitakusimulia ukija, ingawa ningependa ujue kwamba hapa miombo hukutana na nyika ya migunga, na ndiyo maana tandala mkubwa na tandala mdogo huonekana katika hifadhi moja.

Linalonisumbua ni Mto Ruaha Mkuu wenyewe, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hukatika kila kiangazi, viboko wakabaki wamebanana katika madimbwi. Maji yanayoshuka kutoka milima ya kwenu hutulia kwanza katika kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka kwa kupita juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kinamasi kikishuka chini ya mwamba huo, hata kwa kiasi kidogo, mto hausogei tena. Ihefu iliingizwa hifadhini mwaka 2008, lakini mabanio yanayochepusha maji yako upande wa juu wa mito, kabla ya kinamasi, huko mashambani.

Sikulaumu, maana wali wa Mbarali, wilaya yenu, naula karibu kila siku. Naomba tu uniambie ukweli: mkishavuna, banio lenu hufungwa, au maji huachwa yakizurura mferejini hadi msimu mwingine? Nijibu kabla ya mvua za Novemba, au, bora zaidi, njoo mwenyewe ukione kile kisima kabla hakijafukiwa na mafuriko.

Wako,
Lukelo