Kabla hujakata tiketi ya Juni

Tilburg, 29 Juni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Uholanzi. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi shingo na mikono bado vina vipele, na hivyo vipele ndivyo vimenifanya nikuandikie leo badala ya kungoja Jumapili tuongee kwa simu. Uliniambia mwakani utakuja na mwanao likizo ya Juni tumzungushe msituni kwa baiskeli. Kwa kuwa ana pumu, nataka ulijue hili mapema.

Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tulikwenda Oisterwijk, kwenye ule msitu wenye vidimbwi vingi niliokutumia picha zake. Ungeona raha ya kuendesha huku! Baiskeli ina njia yake, na kwenye njia panda kuna kibao chenye namba. Asubuhi unaandika namba zako kwenye kikaratasi, unazifuata moja baada ya nyingine, hupotei. Tulifika hadi Kampina, uwanda wa vichaka usio na nyumba hata moja, tukageuza jioni. Juni jua huku linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hatukuwa na haraka. Tukasimama kando ya barabara tule chapati zetu, baiskeli yangu nikaiegemeza kwenye mwaloni. Ndiyo, mwaloni, kama ile mialoni ya Mamre tuliyosomewa kanisani tukiwa watoto.

Nikaona kwenye gome kitu kama kamba ya kijivu. Kamba ikasogea. Walikuwa viwavi, shoga yangu, mmoja mbele, nyuma yake wawili, kisha watatu, kila mmoja kichwa chake kimegusa mkia wa mwenzake, wanapanda mti taratibu kama watu wanaokwenda kuzika. Chini yao palikuwa na kiota cha utando, kikubwa kama mpira, kimejaa magamba waliyojivua. Sikugusa chochote. Nilisogea tu nipige picha, nikashika usukani, tukaondoka.

Usiku ule sikulala. Unakumbuka tulivyopakwa upupu tukiwa darasa la nne? Ni vilevile, ila huu haukuisha siku mbili wala tatu. Viwavi hawa wa maandamano, kama wanavyoitwa huku, wana vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mmoja aliyekomaa anabeba laki kadhaa. Vina ncha za kuchoma, na upepo unavipeperusha. Huhitaji kumgusa kiwavi. Mimi nadhani nilivipata kwenye usukani uliokuwa umeegemea gome. Vikiingia machoni vinaumiza vibaya, na vikivutwa na pumzi vinasumbua kifua. Hapo ndipo nilipomfikiria mwanao.

Jirani yangu, bibi mmoja mwema sana, ndiye aliyenisaidia. Alinikataza kujikuna wala kujisugua. Akabandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua, akarudia na kurudia, ili ing'oe vinyweleo, kisha ndipo nikaoga. Nguo zote zikafuliwa kwa maji ya nyuzi 60. Usukani nao tukaufuta kwa kitambaa kibichi.

Viwavi hawa wanaanguliwa Aprili majani ya mwaloni yanapochipua, na kuanzia katikati ya Mei ndipo wanaanza kuwasha. Mwaka 2019 walikuwa wengi kupita kiasi nchi nzima. Pale wanapoonekana manispaa inafunga utepe mwekundu na mweupe kwenye shina, halafu wanakuja watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima na barakoa, wananyonya viota kwa mashine. Mahali pengine wametundika visanduku kwa ajili ya ndege wadogo wenye kifua cha njano, ambao huwalisha makinda yao viwavi hao. Hilo limenifurahisha sana. Wewe uliyehangaika na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi yako tangu 2017 unajua sumu peke yake haimalizi kazi.

Lakini usiogope kila utando. Mei tulikuta vichaka vizima vimefunikwa weupe, toka juu hadi chini, kama kitanda chenye chandarua. Nilipiga kelele! Kumbe wale ni viwavi wengine, hawawashi kabisa, na vichaka vikachipua tena baada ya wiki chache.

Kwa hiyo njoo. Nimeshafikiria njia. Barabara zenye mialoni pande zote mbili tutaziacha, hata zile nzuri, na hata Julai baada ya viwavi kugeuka nondo, maana viota vikuukuu vinabaki na vinyweleo vinavyowasha. Tutapanda treni hadi Zeeland, tukodi baiskeli hukohuko, tupite juu ya kingo za bahari, yale matuta marefu ya kuzuia maji, ambako miti ni michache na upepo unatoka majini. Siku nyingine tutakwenda kwenye milima ya mchanga ya Loon, upande wa misonobari. Mwulize daktari wake kuhusu dawa ya kuvuta, aje nayo ya kutosha, na mashati mawili ya mikono mirefu.

Nipimie pia urefu wa mguu wake, kutoka kwenye kinena hadi kisigino, unitumie. Kuna baiskeli ndogo ya buluu inauzwa hapa mtaani, nataka kujua kama atafika chini.

Shoga yako akupendaye