Harambee ya Mama wa Jikoni: Skani Kwanza

Wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani wa shule yetu hapa Kilifi, hamjambo.

Tangu kadi za mchango zianze kuzunguka, swali limekuwa lile lile: jipu tu, mbona harambee? Jipu si hukandwa kwa maji moto, likaiva, likapasuka? Swali ni la haki, na mgonjwa mwenyewe, mpishi wa shule yetu, ametupa ruhusa tueleze.

Jipu la mama yetu wa jikoni haliko kwenye ngozi. Hakuna uvimbe wa kushika wala mdomo wa kutokea usaha. Liko ndani kabisa, kando ya uti wa mgongo, katika msuli unaoshuka kutoka kiunoni na kupita kinenani hadi kwenye paja. Msuli huo ndio unaoinua mguu, kwa hiyo kila akijaribu kuunyosha wa kulia, maumivu humkata. Waliopita jikoni muhula huu walimwona akikoroga uji huku ameinama upande, mguu ameukunja kidogo kama anayekwepa mwiba. Alidhani ni mgongo wa kuinua sufuria. Akachuliwa, akachomwa sindano za maumivu, akatibiwa malaria kwa sababu ya homa za jioni. Homa ikashuka, ikarudi.

Altrasaundi ndiyo iliyofichua mambo. Kipimo hicho hutumia mawimbi ya sauti, hakina mionzi, na bei yake inabebeka. Mchango wa walimu, shilingi 11,400, ulikilipia pamoja na vipimo vya damu na gari la kumpeleka. Usaha ulionekana. Lakini hewa iliyo matumboni huyazuia mawimbi hayo, na kitu kilichojificha nyuma ya matumbo hakionekani chote. Sasa daktari anataka siti skani: eksirei zinazopigwa kuuzunguka mwili, kompyuta ikaziunganisha na kuuonyesha mwili kipande kwa kipande, ili aone jipu limefika wapi na kama mifupa ya uti wa mgongo imeliwa.

Hilo la mifupa ndilo lenye uzito. Usaha wa mahali hapo unaweza kuletwa na bakteria waliosafiri kwa damu, au na TB ya mgongo, ambayo humpata hata mtu asiyekohoa. Tiba zake hazifanani. Ikiwa ni TB, dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, nasi tutashukuru. Ila jipu kubwa kwa kawaida halikauki kwa dawa peke yake. Hutobolewa kwa sindano inayoongozwa na picha, mrija ukaachwa siku kadhaa usaha utoke, na sampuli ikapelekwa maabara. Kutoboa kwa kubahatisha karibu na figo na mishipa mikubwa ya damu, hakuna daktari makini atakayekubali.

Skani, pamoja na dawa inayochomwa mshipani ili picha itokee vizuri na kipimo cha figo kinachotangulia dawa hiyo, ni shilingi 18,000. Kutoa usaha, maabara na kitanda tumekadiriwa 82,000. Jumla ni 100,000. Mama hulipwa siku za shule tu, na mchango wake wa mwaka wa SHA, bima ya afya ya serikali, haukukamilika. (Hilo kamati italizungumza, anayewalisha watoto wetu hakufaa kuachwa hivyo.)

Skani imepangwa Jumatatu, na malipo ni kabla ya kipimo. Ukiweza kutuma leo, usingoje Jumamosi. Tumia namba ya malipo iliyo kwenye risiti ya karo, na mahali pa jina la mwanafunzi andika JIKONI. Harambee yenyewe ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uwanjani. Asiye na pesa alete kuku, nazi au mkungu wa ndizi, tutanadi. Hatukualika mgeni rasmi. Hotuba zingemaliza asubuhi yote. Risiti za hospitali zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kila mmoja ajisomee.

Tena, jikoni hakuna mtu. Tunatafuta wazazi wawili wa kupika uji na chakula cha mchana kuanzia Jumatatu hadi mama atakaporuhusiwa kurudi. Andikisha jina lako kwa mwalimu wa zamu kabla ya Ijumaa jioni.