Risala kwa Mgeni Rasmi: Kumkumbuka Msimamizi Wetu wa Jukwaa

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata,
Mzee wetu na watoto wa marehemu,
Mabibi na mabwana,

Leo ni tarehe 27 Machi, siku ambayo wanajukwaa duniani wamekuwa wakiiadhimisha kama siku ya maigizo tangu mwaka 1962. Kikundi chetu cha maigizo kimeitenga kwa ajili ya mama yetu, msimamizi wa jukwaa, aliyetangulia mbele ya haki. Watazamaji wengi hawakuwahi kumwona. Yeye alikaa nyuma ya pazia na faili lake, akimulika kwa tochi iliyofunikwa karatasi ya buluu ili mwanga usipenye ukumbini.

Katika faili hilo, mswada ulikaa ukurasa wa kulia. Wa kushoto uliachwa mtupu kwa kuandikia nyendo za waigizaji na ishara za taa na muziki, zote kwa penseli, kwa sababu mwongozaji hubadili mambo hadi siku ya mwisho. Kila ishara ilikuwa na namba. Nusu ukurasa kabla yake alitoa tahadhari, kisha wakati wake ulipofika akasema: "Taa kumi na mbili, piga." Namba ilitangulia, kitenzi kikaja mwisho. Ukianza na "piga", fundi wa taa atabonyeza kabla hajasikia namba, na hapo ndipo vikundi vingi huharibu. Neno "sasa" alilikataa kabisa, kwani sote hulitamka ovyo katika mazungumzo. "Piga" nalo halikuruhusiwa kutajwa kwa jambo lingine lolote mchezo ukiendelea.

Onyesho la saa 1:00 usiku, wito wa nusu saa, yaani tangazo kwa waigizaji kwamba imebaki nusu saa, aliutoa saa 12:25. Wageni walidhani amekosea hesabu. Hesabu hiyo haiishii pazia linapofunguka, bali dakika tano kabla, saa 12:55, waigizaji wa mwanzo wanapotakiwa wawe wamesimama mahali pao. Kila mwigizaji alitakiwa kuitikia, "Nusu saa, ahsante." Asiyeitikia alifuatwa hadi apatikane.

Meza ya vifaa aliitandika karatasi ya kaki, akaigawa visanduku kwa kalamu nene, kila kisanduku na jina la kifaa na sehemu ya mchezo kinapotumika. Kisanduku kitupu kinajitangaza chenyewe. Aliikagua mara mbili, kabla ya wito wa nusu saa na wakati wa mapumziko, na panga butu alilipitishia kidole kila usiku. Sakafu ya saruji aliifuta kwa kitambaa kibichi, ikakauka, ndipo akabandika utepe wa alama. Ukibandika juu ya vumbi, utepe hujikunja na kunasa pindo la kanga.

Umeme ukikatika, wapiga ngoma waliendelea kwa mdundo wa chini na waigizaji walibaki mahali pao. Fundi alishusha swichi zote za taa za jukwaa kabla jenereta halijawashwa, kisha akazipandisha moja moja. Zikiachwa juu, mzigo wote huingia kwa mpigo mmoja na jenereta huzima tena.

Ndugu Mgeni Rasmi, mama huyu alikuwa pia mke, na mama wa watoto watatu walioketi mbele yako. Mazoezi yalikwisha saa 12:00 jioni kamili, hata kama mwongozaji alikuwa katikati ya sentensi, kwa sababu watu wana nyumba za kurudia. Wenye watoto wachanga aliwapangia sehemu zao za mchezo zifanyiwe mazoezi kwanza ili waondoke mapema, na mkeka wa watoto ulitandikwa nyuma ya viti, mbali na nyaya. Mzee wetu, tunakushukuru kwa kumruhusu awe wetu pia. Mapazia uliyotushonea bado tunayatumia.

Tuna maombi matatu. Kwanza, kabati la chuma la kuhifadhia mafaili yake, kwani mchwa wameshaanza kuyala. Pili, vifaa vinne vya mawasiliano vya kuvaa masikioni, vya waya, kwa msimamizi, fundi wa taa, fundi wa sauti na mtu wa mapazia. Tatu, nauli na posho ya vijana wawili ili wakajifunze usimamizi wa jukwaa Bagamoyo.

Tunaomba kuwasilisha.