Barua kwa mwanangu: gemu za mahandaki kwenye kompyuta ya mjomba

Marahaba, mwanangu. Salamu zako zimefika hapa Tororo, na picha ya ile kompyuta ya Commodore 64 ya marehemu mjomba wako tumeiona. Mama yako alidhani ni taipureta. Nimefurahi sana kwamba umeichukua wewe, maana ingebaki pale Jinja ingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kabla hatujafika kwenye gemu, tuongee umeme. Adapta yake ya zamani usiichomeke hata kwa kujaribu. Ina njia mbili, volti 9 za AC na volti 5 za DC, na hizo 5 ndizo zinazolisha chipu za kumbukumbu. Adapta hizi zikizeeka hazipunguzi volti, zinazidisha, na chipu zinaungua kabla hujaona chochote kwenye kioo. Ndani zimemwagiwa gundi ngumu, kwa hiyo kuifungua uitengeneze ni kazi bure. Mpelekee fundi mwenye mita aipime. Ikizidi 5 kwa kiasi cha kumfanya akune kichwa, akuundie nyingine. Televisheni tafuta ya kichogo, haitakusumbua.

Sasa swali lako la gemu za kushuka mahandakini kupigana na mazimwi. Ukiiwasha, juu ya kioo utasoma kwamba ina 64K, yaani kilobaiti 64 za kumbukumbu, halafu kwenye mstari huohuo itakuambia zimebaki baiti 38911 za BASIC, lugha ya kuandikia programu zake. Hiyo 38911 ndiyo namba ya kushika. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Kumbe watu waliingiza humo mahandaki ya ghorofa hamsini kwenda chini.

Ukianza kutafuta utakutana kwanza na majina makubwa, kama The Bard's Tale na Ultima IV, zote za 1985. Ni gemu nzuri, lakini zinategemea diski: ukisogea, mashine inakwenda kusoma kipande kingine. Wewe drivu ya diski huna, una kinasa kaseti tu. Ziache kwanza. Tafuta gemu ambayo handaki lake halikuhifadhiwa popote, linapigiwa hesabu wakati unatembea.

Anza na Telengard ya Daniel Lawrence, iliyotoka 1982. Hii naipenda kama mwalimu wa hesabu, na nataka uielewe vizuri. Lawrence alikuwa na PET, kompyuta nyingine ya Commodore, yenye 8K. Ramani ya handaki lile la ghorofa hamsini isingeingia hata kidogo. Akafanya hivi: mahali uliposimama pana namba tatu, ya mashariki-magharibi, ya kaskazini-kusini, na ya kina. Programu inazichukua namba hizo, inazipitisha kwenye kanuni moja, na jibu linasema ukuta uko wapi, ngazi iko wapi, kama pana chemchemi au kiti cha enzi. Ukiondoka, chumba hakipo tena popote ndani ya mashine. Ukirudi, namba ni zilezile, kwa hiyo jibu ni lilelile, na chemchemi yako unaikuta palepale. Sehemu kubwa ni BASIC, kwa hiyo ukishaipakia jaribu amri ya LIST, inayoonyesha mistari ya programu, kabla ya RUN ya kuianzisha, usome mwenyewe. Ukicheza usizubae, haikusubiri: sekunde chache zikipita bila kubonyeza, zamu yako imekwenda. Na ukifa umekufa.

Ya pili ni Sword of Fargoal ya Jeff McCord. Ilianza kwenye VIC-20, kompyuta ndogo zaidi ya Commodore, ambayo BASIC yake ilikuwa na baiti 3583 tu, na hata hapo ilibidi mtu aongeze kumbukumbu ya 16K ndipo ifanye kazi. Ya kwako iwe toleo la Commodore 64, la 1983; ukipakua la VIC-20 halitakubali. Hapa handaki linachorwa upya kila ukianza, na ramani inajifungua kadiri unavyotembea. Unachotafuta ni upanga, na ukishaupata una sekunde 2000 za kupanda hadi nje. Mdogo wako ataipenda hii kuliko ile ya kwanza.

Temple of Apshai pia itafute, ila usiichukue bila kijitabu chake. Ilianza 1979 kwenye kompyuta ya TRS-80, na kwa kuwa maneno hula kumbukumbu, maelezo ya vyumba waliyaweka kwenye karatasi. Kioo kinakupa namba ya chumba, wewe unafungua kitabu unasoma kuna harufu gani na ukutani kuna nini. Bila kitabu unatembea kwenye mistari mitupu.

Kwa habari ya MB usiwe na wasiwasi. Faili la diski nzima ya Commodore ni baiti 174848, halifiki robo ya MB moja. Weka VICE kwenye laptopu yako, programu inayoiga Commodore, ni ya bure, ujaribu kila gemu humo kwanza kabla ya kuhangaika na kaseti. Iliyokubali ndiyo uigeuze iwe sauti na kuirekodi kwenye kanda kwa redio kaseti. Sauti isiwe kubwa mno ikakwaruza, wala ndogo. Kichwa cha kinasa kisafishe kwa spiriti na pamba, maana vumbi la huko Kikoni nalijua, na kikiwa kichafu utaona makosa ukadhani gemu ni mbovu.

Kanda tupu nimezipata hapa sokoni, nitazituma kwa basi la Ijumaa asubuhi pamoja na karanga za mama yako. Fundi akishapima adapta niandikie mita imesema volti ngapi, kabla hujawasha.

Baba yako