Mjomba, watu wa Hirta walitia saini barua wenyewe

Asalaam aleikum, Mjomba.

Tangu wanao waanze kukusihi uache kisiwa uhamie Chake Chake, mawazo yangu hayatoki kwenye kijiji kimoja cha Scotland. Kiko Hirta, katika visiwa vya St Kilda, kilomita 64 hivi kutoka kisiwa cha North Uist. Nyumba zimejipanga kwa mstari mmoja zikitazama ghuba, nyingi hazina paa.

Wewe mvuvi utashangaa: bahari imewazunguka, lakini tegemeo lao lilikuwa ndege na mayai yake. Wanaume walishuka majabali pekupeku kwa kamba, na jabali refu kuliko yote lina zaidi ya mita 400. Nyama waliikausha katika vibanda vya mawe vinavyopitisha upepo; Hirta peke yake vimehesabiwa zaidi ya 1,200. Kodi ya mwenye kisiwa walilipa kwa manyoya, mafuta ya ndege na nguo za sufu. Asubuhi wanaume walikaa baraza njiani, wakapanga kazi ya siku. Ndege waliokamatwa waligawiwa kila nyumba, hata ya mjane. Hapo nilikuona wewe ufukweni, ukigawa samaki kabla hujaweka wa nyumbani kwako.

Waliisha taratibu. Watu 36 walihamia Australia mwaka 1852. Pepopunda iliua vichanga kwa miaka mingi, mpaka desturi za kuzalisha zilipobadilishwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijana wakaondoka. Mwanzoni mwa 1930 mwanamke kijana aliugua, akafia hospitalini Glasgow. Mwezi Mei waliobaki wakaiandikia serikali: tuondoeni.

Tarehe 29 Agosti walipanda meli, nao pia walikuwa 36. Inasimuliwa kwamba kila nyumba iliachiwa Biblia na nafaka kidogo. Mbwa waliwazamisha baharini. Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata: wanaume waliokulia kisiwa kisicho na miti walipewa kazi ya misitu bara.

Mjomba, waliitia saini ile barua kwa mikono yao. Kwa hiyo nimewapigia wanao simu, nikawaomba wanyamaze kwanza, useme wewe. Ukisema tunahama, nitakuja, na ngalawa yako tutaivuta pamoja. Haibaki nyuma.