Risala ya Wachoraji na Wachongaji wa Masasi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Ndugu Afisa Utamaduni,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi na wageni wote,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wenzangu kumi na saba nakukaribisha chini ya mwembe huu. Kwa miaka tisa umekuwa ofisi yetu na darasa letu, na mvua ikinyesha umekuwa hasara yetu, kwa sababu rangi mbichi haisubiri mtu atafute turubai.

Mheshimiwa, tulipoleta barua ya mwaliko, ofisini kwako tuliulizwa swali moja: ninyi ni nani hasa? Ni kampuni, ni ushirika, ni kikundi cha vijana au cha akina mama? Tunajua swali lilikuwa la kujaza fomu tu, lakini lilitukalisha vikao viwili. Tumeona risala hii iwe ndiyo jibu letu.

Sisi watu wa Kusini hatuwezi kulijibu bila kumtaja jirani yetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, ambako barabara hii ya Masasi inaelekea. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam kutafuta kibarua, na kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, ile ya kupigia dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, kwenye maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wengi wanakumbuka chui wake na ndege wake. Sisi tunakumbuka zaidi yaliyofuata baada ya matanga. Aliacha vijana wachache aliowafundisha, wengi wao ndugu zake, akina Simon Mpata, January Linda, Omari Amonde na Abdallah Ajaba. Kila mmoja angeweza kushika njia yake. Wakabaki pamoja, wakawafundisha wadogo zao na wapwa zao, na mwaka 1990 wakawa ushirika uliosajiliwa. Jina la mtu mmoja likawa jina la kazi ya watu wengi, na hadi leo anayechora kwa mtindo huo huandika jina lake mwenyewe kwenye kona ya picha. Kona ile ndogo, Mheshimiwa, ndiyo iliyotufundisha. Mtindo ni wa wote, mtu yeyote anaweza kuurudia. Saini ni ya mtu.

Sisi wenyewe tulilielewa jambo hilo kwa kuumia. Mwaka juzi mteja kutoka nje ya nchi alituletea oda ya picha arobaini za namna moja, twiga watatu chini ya mbuyu, kwa wiki tatu. Hakuna mkono mmoja unaoweza kazi hiyo. Tukagawana. Vijana wakapaka rangi ya nyuma. Mama mmoja kati yetu, mwenye mstari safi kuliko sisi sote, akachora twiga wote mia na ishirini. Wengine wakajaza, wengine wakapiga nukta. Wachongaji waliacha mpingo wao wakatutengenezea fremu. Tulimaliza siku moja kabla ya gari kuondoka, tukala wali pamoja.

Asubuhi tukakuta picha zote arobaini zina saini moja, ya mwenzetu aliyeipokea oda. Kwa haki yake niseme hakuwa mwizi. Fedha aliileta yote mezani. Aliamini kwamba aliyeleta kazi ndiye mwenye kazi. Lakini yule mama alikusanya brashi zake, akazifunga kwenye kanga, akaondoka bila kusema neno. Kwa siku kumi na moja hapakuwa na kikundi hapa. Palikuwa na mwembe tu.

Tulipokutana tena, kila fundi alikuja na desturi ya kazi yake. Wachoraji wakasema aliyechora mstari ndiye mwenye picha. Wachongaji wakasema kwao anayepiga msasa hulipwa lakini hasaini. Hapo mzee wetu wa Kimakonde akaleta kinyago cha ujamaa, kile chenye watu waliopandana kuzunguka gogo moja. Inaelezwa kwamba mtindo huo ulianzia kwa Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji akaja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwamba mwanzoni ulimwonyesha mshindi wa mieleka akiwa amebebwa na wenzake. Wanunuzi wengi hudhani kinyago hicho kinasema watu wote ni sawa. Mzee akatuonyesha aliye chini kabisa, shingo imepinda, akasema, "Huyu hamjamwandika."

Kikao hicho hakikutupa jibu siku ile ile. Ilichukua vikao vingine vitatu, na kimoja kiliishia kwa kelele. Uamuzi tulioufikia ndio katiba yetu ya kweli, ingawa katika katiba iliyopigwa mhuri ni kifungu cha mistari miwili. Picha ya mtu mmoja ina saini yake mbele. Picha ya wengi haina saini mbele. Nyuma ya ubao huandikwa kila aliyeigusa na alichofanya: aliyechora, aliyejaza, aliyepiga nukta, aliyetengeneza fremu. Malipo hufuata orodha hiyo hiyo. Na katika kila shilingi 10,000 inayoingia, iwe ya mmoja au ya wengi, 2,000 huenda kwenye mfuko wa kikundi. Mfuko huo hununua rangi na brashi, na umeshazika wawili. Mweka hazina husoma hesabu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Yule mama alirudi. Leo ndiye mwenyekiti wetu, ndiye aliyekupokea pale mlangoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa Masasi neno ghala halihitaji kufafanuliwa. Mkulima wa korosho anapeleka gunia lake, anapewa stakabadhi, na gunia likiwa katikati ya mengine bado ni lake. Sisi tunajiona hivyo hivyo. Tulifurahi sana kusikia kwamba wasanii wa mbali wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 2022 maonyesho makubwa ya documenta, yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano, hayakukabidhiwa kwa msimamizi mmoja kama ilivyozoeleka. Yalikabidhiwa kwa kikundi, ruangrupa cha Jakarta, kilichoanza mwaka 2000. Wao walichagua neno la kwao, lumbung, yaani ghala la mpunga ambamo wanakijiji huweka ziada yao kwa matumizi ya wote. Wakaalika vikundi vingine, na jirani zetu wa kikundi cha Wajukuu, kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru jijini Nairobi, wakaenda na mabati makuukuu wakayajenga kwenye mlango wa ukumbi. Watu wa Mukuru na mabati yao, mbele ya dunia! Kijana wetu mmoja alituonyesha picha hizo kwenye simu, na simu ile ilizunguka mkono kwa mkono hadi chaji ikaisha.

Sasa nirudi kwenye fomu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunaishukuru Serikali kwa hilo, kwani wapo majirani zetu ambao mikopo hiyo imewainua. Sisi tulipoomba, tulishauriwa kwa nia njema kabisa tujigawe: akina mama peke yao, vijana peke yao, na wazee watafute utaratibu mwingine. Tulilijadili kwa uzito, kwa sababu fedha tunaihitaji. Tukakataa. Picha unazokwenda kuziona zimetoka kwenye mikono ya bibi wa miaka sitini na kijana wa kumi na tisa, tena juu ya ubao mmoja. Ukiwatenganisha kwenye karatasi, kesho watatengana chini ya mwembe. Basi jibu la swali lako, Mheshimiwa, ni hilo. Sisi ni kikundi cha kazi moja, si cha umri mmoja wala jinsia moja.

Kwa hiyo hatukuombi mkopo. Tuna maombi mawili tu.

La kwanza ni paa. Karibu na soko lipo ghala la zamani ambalo halijawekwa gunia kwa misimu kadhaa. Tunaomba tulitumie kwa mkataba, kwa kodi tunayoiweza, tupate pa kukaushia picha na pa kutunzia magogo ya mpingo yasipasuke kwa jua. Tumeambatisha barua na vipimo.

La pili ni msaada wa kisheria. Mchoro wetu wa pomboo na mashua umeonekana umechapwa kwenye mifuko ya kubebea bidhaa, mbali na hapa, bila sisi kuulizwa. Tumeanza kujifunza taratibu za kusajili kazi zetu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, lakini fomu inapouliza mwenye kazi ni nani, na sisi tuna majina saba nyuma ya ubao, tunamhitaji mtu anayeijua sheria akae nasi hata siku moja. Kama Afisa Utamaduni anaweza kutuletea mtu huyo, sisi tutampikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe tuna ombi dogo la mwisho. Picha kubwa iliyo mlangoni haijatundikwa, imeegemezwa ukutani kwa makusudi. Tunaomba uigeuze kwanza, uyasome majina yaliyo nyuma kwa sauti, wenyewe wasimame mmoja mmoja ndani ya ukumbi huu wa majani, kisha ndipo uitazame mbele na utufungulie maonyesho.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi