Kingo za Ziwa Kenyatta zishikwe na matete, si saruji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kingo za Ziwa Kenyatta, hapa Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, zinazomomonyoka kila msimu wa mvua huku baadhi yetu wakishikilia kwamba dawa yake ni ukuta wa mawe na saruji.

Ukuta wa wima hauvunji nguvu ya wimbi, bali huirudisha. Maji yanayorudi huchimba chini ya msingi hadi ukuta wenyewe ukainama, na shamba la jirani asiye na ukuta likaliwa zaidi ya awali. Penye matete hali ni nyingine kabisa. Upepo wa kusi unapovuma, mawimbi huingia kwenye matete yakiwa na povu na hufika nchi kavu yakiwa yametulia, ilhali hatua chache kando, panaponyweshwa ng'ombe, ukingo umekatika, mizizi inaning'inia na maji yamegeuka rangi ya udongo.

Sisi watu wa Lamu, ambao kaunti yetu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, twajua vyema jinsi mizizi inavyoshika tope. Ziwani, kwenye maji baridi, kazi hiyo hufanywa na matete, mafunjo na ndago.

Hata hivyo, pale ukingo ulipokwisha kukatika, kupanda pekee hakutoshi, kwa kuwa wimbi huing'oa miche kabla haijashika. Kwanza ukingo uchongwe uwe mteremko wa pole. Kisha usumba wa makumbi ya nazi, ambayo huku kwetu mengi huchomwa bure, ufungwe mafurushi marefu, ulazwe kwenye mstari wa maji na kukazwa kwa vigingi, na miche ipandwe nyuma yake. Mafurushi hayo huvunja wimbi na kunasa tope, na yanapokuja kuoza baada ya miaka kadhaa, mizizi huwa imekwisha kuchukua nafasi yake. Nasihi sana yasifungwe kwa nyavu za nailoni, ambazo zitabaki majini zikinasa samaki na ndege. Kamba ya usumba yatosha.

Mifugo nayo itengewe njia moja iliyomwagwa kokoto, na njia za viboko ziachwe wazi, maana hakuna mche utakaosalimika mahali wanapopita usiku kwenda malishoni. Linaloniumiza zaidi ni kilimo cha ukingoni: ziwa likipungua wakati wa ukame, majembe hufuata maji, na mvua ya kwanza huurudisha udongo wote ule uliolegezwa ndani ya ziwa ambalo tayari limewahi kukauka na kuua viboko wetu.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, pamoja na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iweke alama za mpaka wa ziwa na kukaa na wakulima na wafugaji kabla ya masika, wakati maji yangali chini na miche ingali na nafasi ya kushika.

Msomaji wako,
Mpeketoni, Lamu